Maswali ya Wasomaji: Ukumbi wa Champaign na Paa Lisilo na Nguzo

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja, pamoja na maelezo ya mistari michache, kuhusu State Farm Center, ukumbi mkubwa wa ndani wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani. Ukumbi huo uko Champaign, mji ambao pamoja na pacha wake Urbana una wakazi wapatao 127,000, na ambao shughuli zake nyingi hutegemea chuo hicho chenye wanafunzi zaidi ya 50,000. Tulieleza kwamba ulifunguliwa mwaka 1963, kwamba una viti zaidi ya 15,000, na kwamba paa lake lenye upana wa mita 122 halina hata nguzo moja ya ndani. Hatukutarajia kwamba picha hiyo ingetuletea barua nyingi kiasi hiki. Tumechagua sita, na maswali yaliyofanana katika barua nyingine tumeyajibu humo humo.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa ujenzi katika chuo cha ufundi hapa Arusha. Mwalimu wetu anatufundisha kwamba zege lina nguvu likibanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Sasa paa la zege lenye upana wa mita 122 linasimamaje bila nguzo? Naomba maelezo ambayo naweza kuyaonyesha darasani.

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amekufundisha jambo ambalo ndilo ufunguo wa jengo zima, na ukilishika barabara mengine yatafunguka yenyewe.

Anza na umbo. Fikiria bakuli kubwa la wali lililowekwa mezani na kufunikwa kwa kawa. Bakuli ndilo linalobeba viti: sehemu yake ya chini imezama ardhini, na kuta zake zinapanda huku zikitanuka kwenda nje. Kawa ndiyo kuba yenyewe, ambayo ukingo wake umekaa juu ya ukingo wa bakuli, na hakuna kitu kingine kinachoibeba. Ukisimama katikati ya sakafu na kutazama juu, kilele chake kiko karibu mita 39 kutoka ulipo.

Sasa chukua chungwa, likate katikati, ule nyama yake, kisha uweke nusu ya ganda mezani kifudifudi. Lipasue kwa kisu kutoka ukingoni kuelekea juu, mahali panane hivi, halafu likandamize kwa kiganja. Utaona vipande vinateleza na kutawanyika pande zote, na ganda linalala chali kama ua lililonyauka. Likusanye tena, uzungushe ukingoni ule mpira mwembamba wa kufungia noti, kisha ukandamize kwa nguvu ile ile. Safari hii ganda litakisukuma kiganja chako, kwa sababu vipande vyake haviwezi tena kukimbia kwenda nje. Kila kuba ina tabia hiyo: uzito wake hushuka kuelekea ukingoni, na ukifika huko hutaka kuutanua ukingo. Wazee wetu waliojenga nyumba za msonge walilijua jambo hili bila kitabu, ndiyo maana walizungusha fito na kuzifunga kwa kamba juu ya makombamoyo, duara juu ya duara, ili paa lisifumuke.

Kule Champaign, mpira wa kufungia noti ni waya wa chuma wenye unene wa milimita 6 hivi, uliozungushwa mahali pale ambapo kuba na bakuli vinakutana. Urefu wake wote unakaribia kilomita 990, ambao ni zaidi ya mwendo wa gari kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, na umezunguka jengo karibu mara 2,500. Hapa ndipo maneno ya mwalimu wako yanapoingia. Waya huo haukuzungushwa ukiwa umelegea. Ulivutwa kwa nguvu kubwa sana wakati wa kuuzungusha, hivyo zege la ukingoni likawa limekwisha kubanwa kabla halijaanza kubeba mzigo wake. Viunzi vilivyokuwa vimeishikilia kuba kutoka chini vilipoondolewa na uzito ukaanza kuusukuma ukingo kwenda nje, msukumo huo ulikuta zege limebanwa tayari, ukaishia kulipunguzia ule mbano. Kwa hiyo zege halikuwahi kufika mahali pa kuvutwa. Mimi binafsi naliona hilo kuwa jambo zuri kuliko yote katika jengo hili, na watazamaji hawalioni kwa macho.

Kuna la pili. Ukiitazama ile picha vizuri utaona kwamba kuba haikulainishwa kama ganda la yai. Ina mikunjo inayotoka kileleni na kushuka hadi ukingoni. Chukua karatasi ya daftari uilaze juu ya vikombe viwili vilivyoachana kidogo, kisha weka sarafu katikati: karatasi itabonyea na sarafu itaanguka. Ikunje karatasi hiyo hiyo kama feni ya mkononi, uirudishe juu ya vikombe, nayo itabeba sarafu kadhaa. Kwa sababu ya mikunjo, zege la kuba lingeweza kuwa na unene wa sentimita 9 hivi tu, ingawa kuba nzima ina uzito wa karibu tani 4,000. Piga hesabu hii ubaoni: ganda la yai la kuku lina unene wa karibu theluthi ya milimita, na yai lenyewe lina upana wa milimita 45 hivi. Ukilikuza yai hilo mpaka lifikie upana wa mita 122, ganda lake litakuwa na unene wa karibu sentimita 90. Paa la Champaign ni jembamba mara kumi kuliko hilo, na limebeba theluji ya Illinois kwa zaidi ya miaka 60.

Msanifu wake alikuwa Max Abramovitz, aliyezaliwa Chicago mwaka 1908 na kuhitimu katika chuo hicho hicho mwaka 1929, na ambaye pamoja na mshirika wake Wallace Harrison alishiriki katika ujenzi wa makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Hesabu za uhandisi zilifanywa na kampuni ya Ammann & Whitney, ambayo mwanzilishi wake Othmar Ammann alikuwa mjenzi wa madaraja. Ujenzi ulianza mwaka 1959, na milango ikafunguliwa Machi 1963.

Mimi ni mwalimu wa michezo Morogoro. Mliandika kwamba ni “ukumbi wa matumizi mengi”. Maneno hayo tumeyasikia sana, na kwa kawaida maana yake ni uwanja wa mpira wa kikapu ambao mara moja kwa mwaka hupangwa viti vya plastiki kwa ajili ya mkutano. Je, huo wa Champaign una tofauti gani?

Mwalimu, lawama yako ni ya haki, na tunakiri kwamba tuliandika maneno hayo bila kuyaeleza.

Siri ya kwanza iko chini, kwenye sakafu. Katika kumbi za namna hii sakafu ya kudumu ni zege tupu, na uwanja wa mbao unaouona kwenye televisheni ni mgeni anayekuja na kuondoka. Mbao hizo hutengenezwa vipande vipande, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia ule wa mlango wa nyumba na uzito ambao watu wawili huuhisi wanapokibeba. Kila kipande kina namba yake nyuma, na lazima kirudi mahali pake kila mara, kwa kuwa mbao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu na vipande viwili vilivyozoeana havikubali kutenganishwa. Mechi ikiisha usiku, wafanyakazi huanzia pembeni: mmoja hung'oa pini kwa nyundo, wawili hunyanyua, mwingine husukuma toroli. Uwanja wenye urefu wa mita 28.65 na upana wa mita 15.24, pamoja na mbao za pembeni zinazouzunguka, huondoka kabla hakujapambazuka. Asubuhi fundi wa jukwaa anakuta zege, na lori lake linaingia hadi ndani.

Juu ya zege hilo unaweza kupanga viti vya mahafali, kutandika magodoro ya mieleka, kusimamisha jukwaa la muziki, au kuning'iniza pazia kubwa linaloukata ukumbi ili kipande kimoja kiwe jumba la maigizo, na watu elfu chache wasijihisi wamepotea katikati ya viti vitupu. Hilo la pazia huwa linasahauliwa na wapangaji wetu. Ukumbi usioweza kujipunguza huzikosa shughuli ndogo, na shughuli ndogo ndizo nyingi.

Orodha ya waliopita hapo inaeleza zaidi. Rolling Stones walipiga humo mwaka 1969. Elvis Presley aliimba humo mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Timu za kikapu za chuo, ya wanaume na ya wanawake, ndizo wenyeji wa kudumu. Ile ya wanaume ilifika fainali ya taifa katika msimu wa 2004–05 baada ya kushinda michezo 37 na kupoteza miwili tu. Lakini ukimwuliza mtu mzima wa mashambani Illinois alivyoujua ukumbi huo, mara nyingi atakutajia shule yake. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1995, fainali za kikapu za wavulana wa sekondari za jimbo zima zilichezwa hapo, na kila Machi vijana wa vijiji vya mahindi na soya, ambao viwanja vyao vya nyumbani vilijaa kwa watu mia chache, walishuka ngazi za bakuli hilo na kuwaona watu zaidi ya 16,000 wakiwatazama. Mwaka 1996 mashindano yalihamishiwa Peoria, na watu wa Champaign waliumia. Yalirudi mwaka 2022.

Hata hivyo, Mwalimu, lipo pungufu moja ambalo lingekupa haki ya kucheka mbele ya neno “matumizi mengi” kwa miaka hamsini nzima: ukumbi ulijengwa bila mfumo wa kupoza hewa. Kiangazi cha Illinois kina joto linalofika nyuzi 30 na kuzidi, pamoja na unyevu mzito unaotoka mashambani, na ukiwafungia maelfu ya watu chini ya kuba ya zege katika hali hiyo huwezi kuwauzia tiketi mara ya pili. Kwa hiyo jengo lililosifiwa duniani lilikaa karibu bila kazi katika miezi ya joto, mwaka baada ya mwaka. Tatizo hilo liliondolewa na ukarabati mkubwa wa kati ya mwaka 2014 na 2016, uliofanywa kwa awamu ili misimu ya kikapu isikatike. Michezo michache tu ya mwanzo wa msimu wa 2015 ilibidi ikachezwe Springfield, makao makuu ya jimbo. Ukarabati huo uligharimu karibu dola milioni 170, wakati jengo lenyewe lilikuwa limejengwa kwa zaidi kidogo ya dola milioni 8. Hata ukikumbuka kwamba dola ya 1963 ilikuwa na thamani kubwa zaidi, ukarabati uliuzidi ujenzi. Idadi ya viti ilishuka hadi 15,544, na siku za kufungua milango zikaongezeka. Kwa maoni yangu, walipata zaidi ya walichopoteza.

Rafiki yangu aliyesoma huko anauita “Assembly Hall”, ninyi mkauita “State Farm Center”. Nani amekosea? (Msomaji, Kigali)

Hakuna aliyekosea. Jina la kwanza ndilo lililodumu kwa miaka 50, na lilikuwa likiwachanganya watu kwa sababu Chuo Kikuu cha Indiana, mpinzani wa karibu, nacho kilikuwa na ukumbi wenye jina lile lile. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya State Farm, yenye makao yake Bloomington katika jimbo hilo hilo la Illinois, ilikubali kulipa dola milioni 60 kwa miaka 30 ili jina lake liwekwe. Fedha hizo zilikuwa sehemu muhimu ya ule ukarabati.

Ninyi wa Kigali mmeuona mfano huo nyumbani kwenu: ukumbi uliofunguliwa mwaka 2019 kwa jina la Kigali Arena, wenye nafasi za watu wapatao 10,000, uliitwa BK Arena kuanzia mwaka 2022 baada ya mkataba na Benki ya Kigali. Wapo wanaochukizwa na biashara ya majina. Mimi hainiudhi, mradi mkataba uwe na mwisho, fedha zionekane zilikokwenda, na jina lisiondoe kumbukumbu ya mtu au tukio lililostahili kubaki.

Ndugu Mhariri, mwanangu anahitimu Champaign mwakani, nami nitasafiri kutoka Bujumbura, Mungu akipenda. Magoti yangu ni mabovu na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaweza kuingia ukumbini humo?

Hongera sana, Mama, na Mungu akufikishe salama.

Kwanza mwulize mwanao sherehe yake itafanyikia wapi hasa, kwa sababu siku za mahafali huwa na sherehe zaidi ya moja. Ile ya chuo kizima, katika miaka hii, imekuwa ikifanyika kwenye uwanja wa wazi wa Memorial Stadium, ambao tangu mwaka 2025 unaitwa Gies Memorial Stadium na uko ng'ambo ya barabara tu, lakini baadhi ya vitivyo huitia majina ya wahitimu wao ndani ya ukumbi wa kuba. Kumbuka mfano wa bakuli tuliompa mwanafunzi wa Arusha: mgeni huingia kwenye ujia mpana unaozunguka jengo, kisha ama hushuka ngazi kuelekea sakafuni ama hupanda kuelekea juu. Ngazi hizo ni nyingi na zina mwinuko mkali. Mwambie mwanao aombe mapema nafasi zilizo karibu na huo ujia, zinazotengwa kwa ajili ya wazee na wanaotumia viti vya magurudumu. Asingoje siku yenyewe.

Kuhusu lugha usihofu. Champaign na Urbana zina jamii kubwa ya watu waliotoka Kongo, ambao miongoni mwao utawasikia wa Kilingala, wa Kifaransa na wa Kiswahili, na chuo chenyewe kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Ukiwa kanisani au dukani usishangae kuitwa “Mama” na mtu usiyemjua.

Sisi wakazi wa Dodoma tuna chuo kikuu kikubwa, tuna serikali, tuna vijana. Je, hatustahili ukumbi kama huo? Kwa nini vyombo vya habari vinatuonyesha vya wenzetu bila kusema vyetu vitapatikanaje?

Mnastahili, na swali la pili ni la haki zaidi hata ya la kwanza. Nitasema ninavyoamini, nawe utanipinga ukiona nimekosea.

Dodoma haianzi na mikono mitupu. Ukumbi wa Chimwaga, uliojengwa kwa ajili ya mikutano mikubwa ya chama tawala cha CCM, uliingia katika Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, na baadaye mji ukapata kituo cha mikutano cha Jakaya Kikwete. Mnachokosa ni mahali pa ndani penye sakafu inayokubali jasho: kikapu, netiboli, voliboli, mieleka, sarakasi, na usiku wake taarab au mkesha wa maombi.

Unapotazama Champaign, tafadhali usianzie mwaka 1963. Anzia mwaka 1925, chuo hicho kilipofungua ukumbi wa michezo unaoitwa Huff, wenye nafasi zisizozidi 7,000. Walicheza humo, wakajaa humo, wakabanana humo kwa karibu miaka 40 kabla ya kujenga kuba, kwa hiyo walipokaa kuchora walikuwa wanajua hasa ni watu wangapi wanaobaki nje ya mlango. Nao hawakuubomoa ule wa zamani. Timu ya voliboli ya wanawake inacheza humo hadi leo. Mji wenye kumbi mbili za ukubwa tofauti hupanga kalenda yake kwa utulivu. Uwanja wa ndani wa Kasarani jijini Nairobi, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, una nafasi za watu wapatao 5,000, na kwa mji wa chuo katika nchi zetu ukubwa wa namna hiyo ndio ningeuanzia.

Tena ningeomba kila anayeleta mchoro wa ukumbi aambatanishe kalenda ya mwaka mzima. Michezo ya nyumbani ya timu ya wanaume ya Illinois, pamoja na umaarufu wake wote, haifiki 20 kwa msimu. Ukiongeza ya wanawake bado unabakiwa na siku zaidi ya 300 ambazo jengo linahitaji kulindwa, kusafishwa na kulipiwa umeme. Siku hizo zinajazwa na nani? Shule za sekondari za kanda nzima? Mitihani ya chuo wakati wa mvua? Maonyesho ya wakulima wa zabibu na alizeti? Mtu wa kupanga hayo anapaswa kuajiriwa kabla ya mkandarasi, kwa kuwa mahitaji yake ndiyo yanayoamua upana wa mlango wa lori, mahali pa bohari ya mbao na viti, na idadi ya vyoo, hasa vya wanawake. Nimeshakaa katika ukumbi mpya, sitausema jina, ambao bohari yake ilikuwa ndogo kuliko viti vyake, na viti hivyo vikarundikwa kwenye korido ya mlango wa dharura. Nilishindwa kufuatilia shughuli iliyonipeleka kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mlango ule.

Kuna jambo ambalo hali ya hewa yenu imewapa bure. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, joto lake ni kavu na usiku wake una ubaridi. Ukumbi wenye paa refu, matundu ya juu ya kutolea hewa ya moto na kuta zenye kivuli unaweza kutumika miezi yote bila mitambo mikubwa ya kupoza. Champaign walingoja nusu karne kulipata hilo, na walilipata kwa bei niliyoitaja.

Kuhusu fedha, wanafunzi wa Illinois walihusishwa. Mwaka 2013 walipiga kura kuhusu ada ya kuchangia ukarabati, dola 25 kwa muhula, wakaikubali. Sipendekezi kuwabebesha wanafunzi wetu ada nyingine, maana najua wengi wao wanavyohangaika na mkopo. Lakini utaratibu wa kuwauliza naupenda sana. Mwanafunzi aliyeulizwa ana sauti pale ratiba inapopangwa, na ana haki ya kuuliza kwa nini ukumbi umekodishwa kwa harusi siku ya nusu fainali ya vitivyo.

Kikundi chetu cha taarab hapa Tanga kimealikwa kupiga katika ukumbi wenye paa la kuba, mdogo kuliko huo wa Champaign. Tulipojaribu vyombo, fidla na kanuni vilisikika kama vimepigwa ndani ya pipa. Je, kuba zote ziko hivyo?

Kuba zote zina ugonjwa huo, kwa viwango tofauti. Uso uliobonyea ndani hukusanya sauti na kuirudisha mahali pamoja, kama dishi la setilaiti linavyokusanya mawimbi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Katika ukumbi wa Champaign, kofi likipigwa sakafuni, mlio wake hupanda mita 39 hadi kileleni na kushuka tena kwa muda unaokaribia robo ya sekunde, na kutoka ukingo mmoja hadi wa pili huchukua zaidi ya theluthi ya sekunde. Sikio hutambua mwangwi kwa muda mfupi zaidi ya huo, ndiyo maana mpigo wa dumbaki unakuwa miwili. Ile mikunjo ya kuba ya Champaign husaidia kuitawanya sauti ili isirudi yote kwa pamoja. Kuba laini kama yenu haina msaada huo.

Mnaweza kufanya haya kabla ya siku yenyewe. Ombeni vipaza sauti vidogo vingi vilivyosogezwa karibu na wasikilizaji na kuelekezwa kwenye viti, badala ya viwili vikubwa vinavyopiga hadi juu. Tundikeni mapazia mazito nyuma ya jukwaa na kwenye ukuta unaowakabili, na tandikeni mazulia chini ya wapigaji. Jukwaa msiliweke katikati kabisa chini ya kilele, hata kama mwenyeji anapenda linavyopendeza hapo. Mwimbaji apunguze mwendo kidogo katika beti zenye maneno mengi. Na msivunjike moyo kwa mlichosikia wakati wa majaribio, kwa sababu mlipiga kwenye viti vitupu: nguo na miili ya watu hunyonya sauti kuliko pazia lolote, na kanga mia tano zikishakaa humo ndani, kanuni yenu itasikika tofauti kabisa.